"Ticha, imegoma!" Matatizo ya darasa la animesheni ya 3D na yanakotokea kweli

Kama umewahi kufundisha animesheni ya 3D unaijua hiyo sentensi. Mkono uko juu, mwanafunzi anaangalia skrini kama imemtukana, na maelezo yote unayopewa ni hayo tu, imegoma. Mimi miaka ya mwanzo nilikuwa naenda, nachukua mausi, nabofya mara tatu, kitu kinakaa sawa, naondoka najiona fundi kweli kweli. Dakika ishirini baadaye mkono ule ule juu, tatizo lile lile.

Kilichonichelewesha kuelewa ni kwamba kwenye 3D tatizo linaonekana huku lakini limezaliwa kule. Goti linakunjika kinyume kwenye animesheni, kumbe kosa lilifanyika siku ya kuweka mifupa. Rigi, yaani mifupa ya kusogezea modeli, inakataa kushika, kumbe modeli ilishaharibika wiki iliyopita na hakuna aliyeona. Kwahiyo siku hizi nikiitwa siulizi inafanyaje, nauliza "kabla ya hapo ulifanya nini?" halafu mausi siigusi, anashika yeye.

Mifano yangu mingi ni ya Blender maana ndo ninayofundishia, ni ya bure, msimbo wake uko wazi tangu 2002 na mwanafunzi anaweza kwenda nayo nyumbani bila kuomba leseni kwa mtu. Ila wewe wa Maya au programu nyingine usikimbie, visababishi ni vile vile, vitufe tu ndo vinatofautiana.

Kabla ya yote: nusu ya "imegoma" ni hivi vitu vitatu

Angalia kishale cha mausi kiko wapi. Blender inasoma shotikati kulingana na dirisha ambalo kishale kimelala juu yake, mwanafunzi anabonyeza G kusogeza mchemraba huku kishale kiko kwenye taimulaini (mstari wa muda), kinachosogea ni kii, ile alama inayorekodi kitu kiko wapi kwenye fremu fulani, mchemraba umetulia tu. Halafu angalia yuko modi gani, objekti modi (kusogeza kitu kizima), editi modi (kubadilisha umbo lake) au pozi modi (kusogeza mifupa), imeandikwa pale juu kushoto na hakuna anayeisoma. Cha tatu, amechagua nini, maana unakuta amri zote anampa taa badala ya modeli.

Nimewazoesha kuvitaja kwa sauti kabla ya kuniita: kishale, modi, uteuzi. Mikono inayoinuliwa imepungua sana, na darasa linapiga kelele kama chekechea, lakini inasaidia.

"Kimepotea, sioni kitu"

Mara nyingi hakijapotea, yeye ndo kapotea. Amezungusha sana roda ya mausi sasa yuko mbali na kitu au yuko ndani yake. Bonyeza Home, kila kitu kinarudi kwenye skrini, au chagua kitu kwenye orodha ya pembeni halafu bonyeza nukta ya namba padi, vile vitufe vya namba vya kulia mwa kibodi. Laptopu nyingi hazina namba padi, nenda kwenye mipangilio sehemu ya inputi uwashe ile ya kuigiza namba padi, vile namba za juu zitafanya kazi hiyo, na kama hana mausi washa pia ile ya kuigiza mausi ya vitufe vitatu ili azungushe kwa Alt na kubofya kushoto. Fanya hivi siku ya kwanza kwenye kila mashine, usisubiri waulize.

Kama Home haijasaidia, amebonyeza H bila kujua, kitu kimefichwa, Alt+H kinarudi. Au amebonyeza alama ya mkwaju, ile / ya namba padi, na sasa anaona kitu kimoja tu vingine vyote vimeondoka, anabonyeza tena vinarudi. Na kama kitu kinakatwa katwa ukikisogelea, kama vile kimepasuliwa na kisu, hiyo ni klipu ya dirisha, umbali ambao dirisha linaanza kuonyesha vitu, fungua paneli ya N (bonyeza N) sehemu ya View upunguze namba ya kuanzia.

"Nimeweka kii lakini hakisogei"

Hapa nikae kidogo maana ndo pale wanafunzi wanapokata tamaa wiki ya pili.

Kisababishi namba moja ni editi modi. Mwanafunzi anaingia editi modi kwa Tab, anachagua vateksi zote (nukta za kona zinazounda modeli), anasogeza mchemraba mpaka kule, anatoka, anaweka kii. Anaenda fremu ya 40, anarudia, anaweka kii. Akicheza, mchemraba umesimama palepale pa mwisho. Anaapa kwamba ameweka kii na ni kweli ameweka, ila kii inarekodi mahali pa objekti, na objekti haijasogea hata nukta, alichosogeza ni nyama ya ndani. Ushahidi uko kwenye ile nukta ndogo ya rangi ya chungwa, kiini cha objekti, imebaki nyuma katikati ya sakafu huku mchemraba uko kule. Mwambie aionyeshe kwa kidole. Akishaiona hiyo nukta mara moja harudii kosa, na hata baadaye ukimwambia "angalia kiini" anajua unamaanisha nini.

Cha pili, ameweka kii zote mbili kwenye fremu moja. Alisogeza kitu lakini hakusogeza mstari wa muda, kwahiyo kii ya pili imeifuta ya kwanza kimya kimya. Mpangilio wa kuimba ni muda, sogeza, kii. Sio sogeza, kii, muda.

Cha tatu, kitu "kinajirudisha chenyewe". Amesogeza, hajaweka kii, amegusa taimulaini, kitu kimeruka kikarudi kilipokuwa. Wafundishe kusoma rangi kwenye paneli ya N: namba ikiwa njano, kuna kii kwenye fremu hii hii. Kijani, kitu kina animesheni lakini kii haiko fremu hii. Chungwa, umebadilisha na hujaweka kii, ukiondoka hapa imepotea. Rangi tatu tu, ila nimekutana na watu wamemaliza kozi nzima hawajui kwamba zina maana.

Watakwambia basi tuwashe otokii, kile kitufe cha duara pale taimulaini, kila ukisogeza inajiwekea yenyewe. Ni nzuri, lakini kwa mwanafunzi wa mwezi wa kwanza mimi naizima. Ataiacha imewashwa, atasogeza kamera "kidogo tu nione upande huu," na kesho utamkuta anauliza kwanini kamera inayumba kama mlevi kwenye fremu ya 87.

Kuna hili pia la matoleo: kuanzia 4.1 ukibonyeza I kii inaingia moja kwa moja bila menyu, ile menyu ya kuchagua imehamia kwenye K. Mwanafunzi anayefuata video ya zamani atabonyeza I, hataona menyu, ataamua haijafanya kazi na atabonyeza mara sita.

Na usisahau kuangalia mwisho wa taimulaini. Blender inaanza na fremu 1 hadi 250, kwa fremu 24 kwa sekunde hiyo ni kama sekunde kumi na kidogo. Aliyeweka kii fremu ya 300 atasubiri mpaka jua lizame.

"Mpira wangu unaelea kama puto"

Hili sio tatizo la programu, programu imefanya ulichoiambia. Zoezi la mpira unaodunda kila mtu anaanza nalo na kila mtu anadhani ni la kitoto mpaka alifanye.

Dalili ya kwanza: mpira unapunguza mwendo ukikaribia sakafu, unatua taratibu kama ndege, halafu unapanda. Kisababishi ni kwamba Blender ikiwekewa kii inalainisha kila upande, inadhani unataka kila kitu kianze polepole na kimalizike polepole. Kwa mlango wa kabati sawa, kwa mpira hapana. Mpira unagonga sakafu ukiwa kwenye kasi yake kubwa kuliko zote. Fungua grafu edita, dirisha linaloonyesha mwendo kama mistari, chagua kii za chini zile za kugonga, bonyeza V uchague vekta, bonde la chini linageuka kuwa ncha kali kama herufi V. Za juu ziache mviringo. Mwambie mwanafunzi achore kwenye karatasi kwanza, juu mviringo chini ncha, halafu ndo afungue grafu. Ukimfungulia grafu kabla hajachora anaona nyoka tu.

Dalili ya pili: ncha ziko sawa lakini bado unaelea. Hapo ni muda, na muda unahesabika, sio wa kubahatisha. Kitu kikiachiwa kutoka mita 1 kinafika chini kwa sekunde 0.45 hivi, yaani fremu 11 kwa kasi ya 24. Kutoka mita 2 ni fremu 15. Mpira ukidunda ukapanda mpaka nusu mita, kupanda ni fremu 8 na kushuka 8. Mwanafunzi anakuwekea fremu 30 za kushuka kutoka mita moja halafu anauliza kwanini unaonekana uko mwezini.

Ila hapa kuna mtego, na mimi mwenyewe ulinipiga. Tufe la Blender likiingia lina kipenyo cha mita 2. Mwanafunzi anauchukulia ni mpira wa tenisi, machoni unaonekana mdogo tu, lakini kwa vipimo vya programu ni kitu cha ukubwa wa chumba kinachodondoka kutoka mita 10, na kutoka mita 10 ni fremu 34. Sasa nani yuko sahihi? Jibu ni kwamba muda unatokana na ukubwa unaotaka mtazamaji auamini. Kama ni mpira wa tenisi ufanye wa sentimita saba kasoro au hesabu muda kwa ukubwa huo, lakini usichanganye.

Njia inayofanya kazi kuliko maelezo yangu yote: toa kalamu mfukoni, mmoja aiachie kutoka usawa wa meza, mwingine arekodi kwa simu, halafu mpitie video fremu kwa fremu na kuweka nukta ubaoni kila kalamu ilipo. Nafasi kati ya nukta zinakua, 1, kisha 3, kisha 5, kisha 7. Hakuna mwanafunzi aliyebisha baada ya kuona nukta alizoweka mwenyewe.

Dalili ya tatu: timing anadai ameirekebisha lakini kila siku inabadilika, jana ilikuwa nzito leo imekuwa nyepesi. Angalia juu kushoto wakati inacheza, kuna namba ya fremu kwa sekunde. Ikiwa nyekundu maana yake kompyuta inashindwa kufikisha 24, inacheza kwa 11 au 9, na mtoto wa watu anabana kii zake ili ziende haraka. Akirenda, yaani akitoa picha za mwisho, inakimbia kama wanafukuzwa. Hapa fundi hana kosa, rula ndo imepinda. Geuza dirisha liwe la kijivu bila tekscha (picha zinazovishwa modeli), ficha vitu vizito, au kwenye menyu ya plebaki chagua iruke fremu ili iheshimu muda wa kweli.

Dalili ya nne inakuja mkifika kwenye kukandamiza na kuvuta. Mpira ukigonga unabanwa, lakini unabanwa kuelekea katikati yake kwahiyo unaning'inia hewani. Kiini kiko katikati ya tufe, kikandamizo kinafuata kiini. Kihamishie chini pale unapogusa sakafu, au utumie objekti tupu ya kushikilia mpira, moja ya kubana moja ya kuzungusha, maana ukihamisha kiini chini halafu ukataka ubingirike utabingirika kama yai. Na ujazo usibadilike: ukibana Z mpaka 0.8 basi X na Y ziende 1.12 hivi. Asipofanya hivyo mpira unaonekana unatoa hewa.

Kanuni hizi ni sehemu ya zile 12 za animesheni ambazo Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa Disney, walizichapisha 1981, na 1987 John Lasseter akaonyesha kwenye SIGGRAPH, mkutano wa michoro ya kompyuta, jinsi zinavyoingia kwenye 3D. Ni vizuri kuzijua. Lakini walimu wanaowakaririsha wanafunzi zote 12 siku ya kwanza kabla hata mpira haujadunda, mimi siwaelewi, unapata mtu anataja zote kwa mpangilio na mpira wake bado unaelea.

"Modeli ina madoa meusi" na ile sumu ya Esc

Madoa meusi au sehemu inayoonekana kama imegeuzwa ndani nje, ni nomali, yaani upande ambao kila uso wa modeli unaangalia. Washa ule mwonekano wa mwelekeo wa nyuso kwenye menyu ya vifuniko (Overlays), pale penye nyekundu pamegeuka. Editi modi, A kuchagua vyote, Shift+N, imekwisha.

Kubwa zaidi ni vateksi zilizolaliana. Siku moja darasa zima tunaweka rigi, na mwanafunzi mmoja, tena makini, modeli yake imegoma kushika mifupa. Programu inamwambia haijapata ufumbuzi wa uzito, yaani kiasi ambacho mfupa unashika mwili, kwa mfupa mmoja au zaidi. Tukajaribu tena, tukafuta mifupa tukaiweka upya, nikamwambia labda mashine, tukahamia mashine nyingine, wapi. Karibu kipindi kizima. Mwishoni nikamwomba anifanyie mbele yangu jinsi anavyotengeneza kidole. Akachagua uso wa mwisho, akabonyeza E kuchomoza, akaghairi, akabonyeza Esc, akaendelea na mambo mengine.

Hapo hapo nikashika kichwa. Esc baada ya E haifuti ulichochomoza, inafuta tu kusogeza. Vateksi mpya zimeshazaliwa na zimelala juu kabisa ya za zamani, huzioni kwa macho. Kila akighairi anaongeza nyingine. Kughairi kuchomoza ni Esc halafu Ctrl+Z. Tiba ya zilizokwisha kuingia ni kuchagua zote, M, unganisha kwa umbali, na chini inakuandikia imeondoa ngapi. Ya kwake ilikuja na namba ambayo darasa lilicheka, na rigi ikashika mara ya kwanza.

Tangu hapo sheria ni kwamba hakuna anayeanza mifupa kabla hajaunganisha kwa umbali, hajanyoosha nomali, na hajaaplai skeli, yaani saizi ya sasa ihesabike kuwa ndo 1. Skeli ni Ctrl+A. Ukivuta mchemraba kwenye objekti modi ukawa mrefu, programu bado inaukumbuka kama mchemraba uliovutwa, na hilo kumbukumbu litakusumbua kwenye kona za kulainisha, kwenye mifupa, kwenye kila kitu. Fungua N, kama skeli sio 1, 1, 1 kabla ya rigi basi usiendelee.

Rigi: mifupa inatembea, mwili umebaki

Angalia mpangilio wa uteuzi. Mwili kwanza, mifupa mwisho, ndo Ctrl+P na uzito wa otomatiki. Akigeuza mpangilio, mwili ndo unakuwa mzazi wa mifupa, na hapo hata menyu inayotokea ni nyingine.

Mkono ukiinuka unavuta na mbavu: uzito umesambaa. Ingia modi ya kupaka uzito, chagua mfupa wa mkono, nyekundu ni anashika sana na bluu hashiki, futa kwenye mbavu. Usijaribu kumfundisha kupaka uzito kwa projekta, aone kwenye modeli yake mwenyewe, na mfupa uwe umeinuliwa tayari ili kila mpako auone matokeo yake.

Goti linakunjika nyuma kama la ndege: alipoweka mifupa ya mguu aliinyoosha wima kabisa kama rula, sasa IK, ule mfumo wa kukunja mguu mzima kwa kusogeza wayo, ikitaka kukunja haijui pa kuelekea, inachagua yenyewe. Rudi editi modi ya mifupa, sogeza kiungo cha goti mbele kidogo tu, kisha weka na ile pole tageti, kitu ambacho goti linakielekea, mbele ya goti. Likigeukia pembeni baada ya kuweka pole, cheza na pembe yake, jaribu 90, hasi 90, 180, mojawapo itakaa.

Na majina. Mifupa ya kushoto iishie na .L, ya kulia .R, tangu mwanzo. Asipofanya hivyo, siku ya kunakili pozi kwa upande wa pili itakuwa kilio, kitufe kipo ila upande wa pili hakiugusi na hakisemi kwanini.

"Mkono umezunguka njia ndefu"

Alitaka ugeuke kidogo kutoka nyuzi 350 kwenda 10, programu ikarudi nyuma nyuzi 340 nzima. Kwa Euler, mzunguko unaoandikwa kwa nyuzi za X, Y na Z, namba ni namba tu, haijui duara. Andika 370 badala ya 10. Kinyume chake, mifupa kwa kawaida inatumia kwaternioni, njia nyingine ya kuandika mzunguko, ambayo mara nyingi inachukua njia fupi, kwahiyo gurudumu kwenye mfupa ukiliwekea kii mbili za mzunguko mmoja kamili halitazunguka kabisa, maana mwanzo na mwisho ni pale pale. Badilisha aina ya mzunguko wa mfupa huo iwe Euler, au weka kii za katikati. Sababu za kihisabati ziache mpaka waulize, wengine hawaulizi na wanaishi vizuri.

Miguu inateleza anapotembea

Mguu ulioko chini, ukiulinganisha na mwili, unatakiwa urudi nyuma kwa kasi ile ile ambayo mwili unaenda mbele. Weka alama sakafuni, hata mchemraba mdogo, uone mguu unaihama lini. Mara nyingi kii mbili za mguu uliokanyaga zina mkunjo laini katikati wakati zilitakiwa ziwe mstari ulionyooka.

Renda: nyeusi, waridi, chenga, na "iko wapi?"

Nyeusi yote: hakuna taa, au taa ipo lakini ile alama ya kamera kwenye orodha imezimwa kwahiyo inaonekana kwenye dirisha ila kwenye renda haipo. Au kamera yenyewe iko ndani ya ukuta, bonyeza 0 ya namba padi uone inachoona.

Waridi kali: tekscha haipatikani. Alifanyia kazi nyumbani, picha ziko kwenye folda ya kule, kaleta faili la Blender peke yake kwenye fleshi. Apakie picha ndani ya faili kabla ya kuondoka, kwenye menyu ya faili, data za nje.

Chenga: sampuli chache, yaani programu imepima mwanga mara chache kwa kila pikseli. Ila sio lazima kuongeza mpaka juu, Cycles, injini ya Blender ya kurenda kwa mwanga wa kweli, inaanza na 4096 ambazo kwa kazi ya darasani ni ubadhirifu, weka mia moja au mia mbili, washa cha kuondoa chenga, uangalie. Kwa mazoezi mengi Eevee, injini yake ya haraka, inatosha kabisa na sijawahi kumnyima mtu alama kwa kuitumia.

Muda: wafanye hesabu kabla, sio baada. Sekunde 10 ni fremu 240, fremu moja ikichukua nusu dakika ni masaa mawili. Ukipunguza ukubwa kwa asilimia 50 pikseli zinabaki robo. Mwanafunzi aliyepiga hesabu hiyo mwenyewe hakuletei malalamiko saa moja kabla ya kukusanya.

Na warende kama picha za PNG, fremu moja faili moja, kisha waziunge. Ukirenda video moja kwa moja umeme ukikatika kwenye fremu ya 200 unaweza kubaki na faili lisilofunguka, ukiwa na PNG unaendelea kutoka 201.

"Ticha, imemaliza, iko wapi?" Kama hakubadilisha njia ya kutolea, mara nyingi iko kwenye folda iitwayo tmp. Na kama alibonyeza F12 badala ya Ctrl+F12, amerenda picha moja tu na hata hiyo haijahifadhiwa mpaka aihifadhi kwa Alt+S.

Mafaili na matoleo

Faili la toleo jipya likifunguliwa kwenye la zamani linaweza kupoteza vitu au kukataa kabisa. Darasa zima liwe toleo moja. Video za mafunzo za kabla ya 2.80, iliyotoka Julai 2019, msizitumie kwa wanaoanza, sura yote ni nyingine na hata kuchagua kulikuwa kwa kubofya kulia. Programu ikijifunga ghafla kuna sehemu ya kurejesha hifadhi ya otomatiki kwenye menyu ya faili, na kuna lile faili linaloishia na blend1 ambalo wanafunzi wanalifuta wakidhani ni takataka, kumbe ndo nakala ya hifadhi iliyotangulia.

Tatizo ambalo sio la mashine

Anayefuata video hatua kwa hatua anamaliza na kitu kizuri, ukimwambia abadilishe kidogo anaganda. Dalili yake ni swali la "nibonyeze nini?" badala ya "kwanini?" Mimi nikimshuku mtu namwambia mpira wako sasa ni wa chuma. Aliyeelewa anapunguza midundo na urefu wake, muda wa kudondoka hagusi. Asiyeelewa anabadilisha rangi iwe ya chuma.

Halafu kuna mwenye filamu yake kichwani, dakika mbili, mazimwi mawili na vita. Sio kumkatisha tamaa, ila dakika mbili ni fremu 2,880. Namwambia achague sekunde nane za hiyo vita, zile ambazo angependa watu wazione hata kama nyingine zote hazipo.

Wiki ya mwisho nawapa faili nililoliharibu makusudi: mguu ulionyooka wima, skeli ya 0.3, vateksi zilizolaliana kwenye bega, taa iliyozimwa renda, kii ya kamera iliyosahaulika kwenye fremu ya 87, na njia ya kutolea iliyobaki tmp. Anayerekebisha bila kueleza kosa lilizaliwa hatua gani anapata nusu alama. Anayeeleza vizuri na kurekebisha hakuwahi, namhesabia zaidi ya huyo. Mimi siku hiyo nakaa nyuma ya darasa, mausi yangu nimeiweka kwenye droo.